Risasi Uani

Mbwa alianguka saa moja asubuhi, kwenye kona ya ua karibu na karo la kuoshea vyombo, na bibi wa nyumba ndiye wa kwanza kumwona. Miguu ilikakamaa, kichwa kikawa kinagonga sakafu, povu likamtoka mdomoni. Bibi aliiacha sufuria aliyokuwa akiiosha, akamnyakua mjukuu wake aliyekuwa amechuchumaa hatua tatu tu kutoka pale, akaingia naye ndani na kuubana mlango kwa komeo.

"Kichaa," alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba ugonjwa wenyewe ungemsikia. "Mama Kadogo, mbwa wenu ameshikwa na kichaa."

Mkwewe alikuwa anafunga vifungo vya sare ya kazini. Aliviacha. Alichungulia dirishani akamwona Karani amelala ubavu, macho wazi, miguu ikitambaa hewani kama anayekimbia ndotoni. Walimwita Karani kwa sababu alikuwa na tabia ya kukaa mlangoni na kumkagua kila anayeingia kuanzia viatu hadi kichwani. Sasa hakumtambua mtu.

"Alimramba mtoto leo," bibi alisema. "Alfajiri. Nilimwona kwa macho yangu. Mikono yote miwili."

Mama Kadogo aliacha dirisha. Akamchukua binti yake, akamfungua viganja, akavigeuza akitafuta mkwaruzo. Kadogo alikuwa na miaka miwili na miezi minne. Alimtazama mama yake bila kulia, bila kunung'unika, akiachia mikono igeuzwegeuzwe kama si yake.

Nje, habari zilikuwa zimekwisha kuruka ukuta. Wanaume wawili wa mtaani waliingia uani, mmoja na nondo, mwingine na mpini wa jembe. Baba wa mtoto, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Betri, alitoka kwenye kibanda chake cha kazi na kusimama kati yao na mbwa.

"Subirini kwanza," alisema.

"Tusubiri nini, fundi? Akimaliza kutetemeka atainuka, na akiinuka ataanza na nani? Watoto ndio hawa."

Mama Kadogo alitoka na kadi mkononi. "Alichanjwa," alisema. "Mwaka jana, pale ninapofanya kazi. Nilimpeleka mwenyewe. Tarehe hii hapa."

Mwenye nondo aliipokea kadi, akaisoma mbele na nyuma. "Karatasi haiumi," alisema. "Mbwa ndiye anayeuma."

"Basi nampeleka wamwangalie. Akiwa na kichaa, wao wenyewe watamlaza kwa sindano. Hapigwi mtu nondo mbele ya mwanangu."

Mtu huyo alicheka kidogo kusikia mbwa akiitwa mtu, lakini alipisha. Walimfunga Karani mdomo kwa kitambaa, wakamviringisha kwenye gunia, wakampakia kwenye toroli ambalo fundi hulitumia kubebea betri. Mume alisukuma, mke akashika gunia lisiteleze. Njia haikuwa ndefu, lakini fundi alipumzika mara tatu. Kila aliposimama alikuwa akiikunja na kuikunjua mikono, kama aliyekufa ganzi.

"Una nini?" mkewe alimuuliza.

"Nimeilalia vibaya."

Alikuwa akisema hivyo tangu mvua zilizopita.

Hospitali ile ya wanyama ilikuwa na milango miwili. Kwa miaka mitatu Mama Kadogo alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma, kabla watu hawajaja, akapiga deki na kufuta meza, na wote humo walimwita Mama Usafi. Leo aliliegesha toroli palepale alipozoea, na dada wa mapokezi akatoka kumzuia.

"Mama Usafi, wagonjwa wanapita mbele. Nikikuruhusu huku nitaulizwa."

"Anakufa, dada."

"Najua, mama yangu. Lakini zunguka."

Wakazunguka. Kwenye viti vya mbele alikaa mama mmoja na paka ndani ya kikapu cha plastiki, na bwana mmoja na mbwa mweupe aliyechanwa manyoya yakalala upande. Toroli lilipoingia likilia gurudumu, wote wawili waliinua miguu, vilevile wateja wanavyoinua Mama Kadogo anapopita na dekio mchana. Kisha harufu ya gunia ikawafikia, na bwana yule akamvuta mbwa wake kwenye mapaja.

Fundi Betri aliona macho yanavyotua kwenye suruali yake. "Mimi narudi kwenye kazi," alimnong'oneza mkewe. "Nimeacha moto." Akaondoka bila toroli.

Dada wa mapokezi alijaza fomu. Penye jina la mwenye mnyama aliandika "Mfanyakazi", akapiga mstari chini yake. "Vipimo vinalipiwa kabla," alianza, ila hakumaliza. Daktari alikuwa ametokea mlangoni, mwanamke mrefu mwenye miwani juu ya kichwa. Alilitazama gunia likitikisika.

"Andika kwangu," alisema. "Mlete ndani."

Mama Kadogo alizijua mashine za chumba kile kwa vumbi lake. Meza ya eksirei ilikamata vumbi chini ya ukingo, mahali ambapo mtu asiyeinama haoni. Ile ya kutazamia matumbo ilikuwa na vitufe vingi, naye alikatazwa kuvigusa, hivyo huvipitia kwa brashi ndogo. Ya kupimia damu, yenye ukubwa wa sanduku la viatu, ilitaka kitambaa kikavu tu. Alikuwa hajawahi kuzisikia zikitoa sauti. Alizisafisha zikiwa zimezimwa, akaziacha zimezimwa. Leo zote zilikuwa macho, zikivuma na kuwakawaka taa za kijani, na kwa mara ya kwanza alizionea hofu.

Daktari alivaa glavu jozi mbili. Alimchoma Karani sindano, na pole pole miguu ikatulia. Akamfunua ufizi, akamminya tumbo, akamwangaza machoni kwa tochi. Akauliza maswali kwa haraka: ametapika tangu lini, anakula nini, ameuma mtu, ameumwa na mbwa mwingine.

"Wiki nzima anatapika. Anajigonga ukutani. Hajauma mtu. Daktari, ni kichaa? Amemramba mwanangu."

"Siwezi kukuapia. Ila chanjo anayo, na tumbo hili linaniambia jambo lingine. Tumpige picha."

Walimlaza kwenye meza, wakatoka nje ya mlango mzito, mashine ikalia mara moja. Fundi wa picha, kijana mnene mwenye masikhara na kila mtu, aliketi mbele ya kompyuta. Picha ilijichora kuanzia juu kwenda chini: mbavu, uti wa mgongo, kivuli cha tumbo. Ndani ya kivuli hicho zilikuwepo chembe nyeupe, nyingi, za kung'aa kuliko mifupa, kama chumvi iliyomwagika juu ya kitambaa cheusi. Fundi wa picha hakufanya masikhara. Alizikuza chembe zile, akamtazama daktari.

"Huyu mbwa ana risasi," daktari alisema.

Mama Kadogo alishika ukingo wa meza. "Nani kampiga? Hana jeraha. Tumemwosha juzi, hana jeraha popote."

"Si risasi ya bunduki, mama. Ni madini. Yanaitwa jina hilohilo. Ni laini, mazito, yanatumika ndani ya betri za magari." Daktari aliishusha miwani kutoka kichwani na kuivaa. "Nyumbani kwenu kuna mtu anayeshughulika na betri?"

"Mume wangu."

"Anazichaji tu?"

"Mbovu anazivunja. Anachukua yale mabamba ya ndani, anayayeyusha, anamimina vipande, anauza."

"Anayeyushia wapi?"

"Uani."

Daktari alichota damu kidogo kwenye mguu wa Karani, akaidondosha kwenye kijikaratasi na kukichomeka kwenye mashine ndogo. Kioo chake kikaanza kuhesabu sekunde kwa kurudi nyuma. Wakati inahesabu, alivua glavu, akasogeza kiti, akakaa. Mama Kadogo hakuwahi kumwona akikaa kazini.

"Una mtoto, umesema. Ana umri gani?"

"Miwili na ushee."

"Anachezea wapi?"

"Uani hapohapo." Hapakuwa na kwingine.

"Anaweka vitu mdomoni? Udongo?"

"Mtoto gani haweki?"

"Choo anapata vizuri?"

"Siku tatu, siku nne hapati. Bibi yake anampa maji ya moto."

"Anasema?"

"Alikuwa anasema," alijibu Mama Kadogo.

Akayasikia maneno yake mwenyewe. Alikuwa anasema. Alikuwa anasema maji, anasema toka, anasema hapana kwa kila kitu. Lini aliacha? Alijaribu kukumbuka neno la mwisho, siku yake, asikumbuke. Nyumbani walikuwa wamesema mtoto ametulia. Majirani walimsifu kwa kutulia.

Mashine ililia. Badala ya namba, kiooni paliandikwa neno moja: JUU.

"Hii inahesabu hadi sitini na tano," daktari alisema. "Ikizidi hapo inaacha kuhesabu."

"Inahitaji tone moja tu. Nimeona." Mama Kadogo alikuwa tayari amesimama. "Naenda kumchukua. Dakika ishirini nimerudi. Mchome kidole, utie humo."

"Siruhusiwi. Mimi ni daktari wa wanyama."

"Damu ni damu, daktari."

"Wakijua wananifungia. Lakini si hilo tu. Nikikupa namba isiyo sahihi, ukaenda nyumbani ukalala, nitakuwa nimekuulia mtoto." Alichukua karatasi, akaandika huku simu ameibana begani, akimweleza mtu wa hospitali kuu kuhusu mtoto ambaye hajawahi kumwona. Barua akaikunja mara moja tu. "Mpeleke leo. Usisubiri kesho. Na asirudi kugusa ule udongo, hata kwa kupita."

"Na Karani?"

"Karani niachie. Nitamsafisha tumbo, nimwanzishie dawa. Nenda."

Akatoka kwa mlango wa mbele akikimbia, na toroli likabaki mapokezi.

Alimkuta mumewe amechuchumaa mbele ya jiko la uani, akikoroga kile kitu cha kijivu kilichong'aa kama kioo ndani ya sufuria nzee. Kadogo alikuwa amekaa juu ya betri iliyolala ubavu, bibi yake karibu, akichambua mboga. Mama Kadogo alimwinua mtoto kwa kwapa. Chini ya kucha zake mlikuwa na weusi. Kila siku aliusugua kwa sabuni akidhani ni uchafu kama uchafu mwingine.

"Zima moto," alisema.

"Karani vipi?"

"Zima moto, Baba Kadogo."

Alimweleza yote akiwa amesimama, mtoto kiunoni. Fundi alisikiliza akikoroga. Alipomaliza, alitoa kicheko kikavu.

"Daktari wa mbwa ndiye kakwambia mtoto wetu anaumwa."

"Nimeziona kwa macho yangu. Zimejaa tumboni."

"Mbwa anakula kila takataka. Mimi navuta moshi huu mwaka wa kumi na moja. Nimekufa? Na hiyo sare yako ndiyo inayolipa nyumba? Jiko hili ndilo linalotulisha."

"Nyoosha mikono."

"Ya nini?"

"Nyoosha tu."

Alikiweka chini kijiko, akanyoosha mikono mbele, kiburi kikiwa bado usoni. Ule wa kushoto ulikaa. Wa kulia ulitetemeka, kisha kiganja kikaanza kuinama chenyewe kutoka kwenye kifundo, pole pole, kama kilichotundikiwa mzigo. Alijaribu kukiinua. Hakikuinuka.

"Nimeulalia," alisema, akiushika kwa ule wa kushoto.

Bibi aliacha mboga. Alikuwa mtu wa kumtetea mwanawe kwa lolote, awe na haki au asiwe nayo, na mkwewe alijiandaa kwa maneno makali. Badala yake mama yule alimtazama mjukuu.

"Alikuwa ananiita," alisema. "Bi, bi, bi, kutwa nzima, mpaka nachoka. Nilidhani amenikasirikia." Akajifuta mikono kwenye nguo. "Mwanangu, funika hilo jiko."

Fundi alichukua kipande cha bati, akakilaza juu ya moto kwa mkono wa kushoto.

Hospitali kuu, muuguzi wa dirishani aliisoma barua mara mbili. "Umetumwa na daktari wa nini?"

"Wa wanyama."

"Wa wanyama gani?"

"Wa mbwa," Mama Kadogo alisema, na benchi zima likageuka. Mtu mmoja nyuma yake alicheka, akauliza kama mtoto naye anabweka. Fundi Betri, aliyejulikana kwa kujibu neno kwa neno, aliinamisha kichwa. Kadogo alikuwa amemlalia begani, mzito, macho kwenye taa.

Lakini daktari wa watoto alikuwa amekwisha kupigiwa simu, naye hakucheka. Aliwachukua damu wote wanne, bibi pia. Akawaeleza kwamba watalala kwa ndugu, si nyumbani. Nguo walizovaa zifuliwe peke yake. Na majibu kamili yatatoka siku ya tatu, kwani damu ile inapelekwa maabara nyingine.

Siku zile tatu walikaa kwa dada wa Mama Kadogo, chumba kimoja na watoto wake wanne. Mama Kadogo hakuondoa macho kwa binti yake. Akilala, anamwekea mkono kifuani. Akishtuka usingizini, mama anaruka akitafuta povu. Mara mia alimwonyesha kikombe. "Hiki nini? Sema, mama. Maji." Kadogo alitazama kikombe, akatazama midomo ya mama yake ikicheza, na safari moja midomo yake mwenyewe ikakutana kama inayotaka kuanza. Haikuanza.

Asubuhi ya tatu simu iliita, naye akaiangusha. Alikuwa dada wa mapokezi. Karani amekunywa maji mwenyewe, alisema, ameinua kichwa. Jicho moja halioni, daktari hana hakika kama litarudi. Mama Kadogo alishukuru, akakata, akarudi kukaa kando ya binti yake.

Mchana waliitwa. Daktari wa watoto aliwafungia mlango.

"Mtoto ana hamsini na nane," alisema. "Analazwa leo. Baba umempita kidogo. Mama na bibi mko chini, lakini nanyi hamko salama."

"Inatakiwa ngapi?" fundi aliuliza.

"Haitakiwi hata moja."

"Dawa ipo?"

"Ipo. Itaitoa kwenye damu, pole pole, wiki kadhaa, tukipima tena na tena. Akirudi kwenye udongo ule tunaanza upya."

Mama Kadogo alikuwa na swali moja, na alikuwa amelibeba siku tatu. "Atasema tena?"

Daktari alimtazama mtoto. "Ni mdogo, na tumewahi kuliko wengi. Wapo wanaorudisha maneno. Wapo wanaorudisha nusu. Risasi naweza kuitoa, mama. Ilichokwisha kukifanya kichwani siwezi kukuahidi."

Mama Kadogo akamlaza mtoto shavu kifuani, asimwone uso. Mumewe alikuwa akitazama mkono wake wa kulia, uliolala juu ya goti kama kitu alichookota njiani.

"Daktari," alisema, "moshi wake unafika wapi?"

"Unapopelekwa na upepo. Na vumbi linatembea kwa viatu, kwa nguo. Kwa nini? Kuna watoto wengine karibu?"

Fundi alikunja vidole vya mkono wa kushoto, kimoja kimoja. Mkewe alijua anapita nyumba kwa nyumba kichwani mwake.

"Wapo," alisema.

Alirudi mtaani peke yake jioni ile ile, jua likiwa bado juu ya mabati. Mkewe alikuwa amemwambia waende pamoja, siku nyingine, mtoto akishatulia wodini. "Watakupiga," alisema. Alikumbuka nondo. Fundi alisema hajui kama siku nyingine atakuwa na ujasiri.

Nyumba ya kwanza walimsikiliza na kumwambia apeleke uchawi wake mbele. Ya pili hapakuwa na mtu. Ya tatu ilipakana na ua wake, ukuta mmoja. Humo alikaa mshona nguo mwenye pacha wa kiume, ambaye kamba yake ya nguo ilifungwa kwenye msumari uleule ulioshikilia paa la kibanda cha fundi. Alikuwa mlangoni, futi ya kupimia shingoni.

"Karibu, fundi. Mtoto vipi? Nimesikia amelazwa. Pole sana."

"Si homa," fundi alisema. Alikuwa amepanga maneno njiani, yote yakampotea. "Ni kazi yangu. Ule moshi. Una sumu, imeingia kwenye damu yake. Nimekuja kukwambia wanao wapimwe."

Mshona nguo hakuelewa, kisha akaelewa. Mkono ulipanda kwenye futi, ukaikamata. "Tangu lini?"

"Tangu nimehamia. Hawa walikuwa hawajazaliwa."

Alitegemea matusi. Alitegemea mlango ufungwe usoni, na angeona afadhali. Badala yake mwanamke aligeuka kutazama kamba ya nguo, ambapo mashati mawili madogo yalikuwa yamekauka.

"Nitawapeleka mwenyewe kesho asubuhi," fundi alisema. "Dirisha nalijua, daktari nishamwambia. Nitakaa nanyi kwenye foleni."

Mwanamke aliingia ndani, akauacha mlango wazi. Fundi alibaki amesimama kizingitini, asijue kama amefukuzwa au ameambiwa asubiri. Akasikia kiti kikivutwa, na sauti ya mama yule ikitoka chumba cha pili, laini, ya kubembeleza.

"Njoo hapa. Na wewe pia, njoo. Nitazameni mama. Semeni mama. Hebu semeni mama niwasikie."

Fundi Betri alizuia pumzi, akasikiliza.